Hatua Ishirini

Saa saba na dakika kumi usiku simu ya zamu ilianza kutetemeka mezani: mfumo wa sacco hauonekani. Nilikuwa peke yangu ofisini, na mwaka wangu wa kwanza kazini ulikuwa haujaisha. Wanachama wa hiyo sacco wanatoa pesa kwa simu usiku kucha. Yaani kila dakika kuna mtu mahali, pengine hospitalini, anaambiwa ajaribu tena baadaye.

Tulikuwa na seva mbili za Linux zinazotumia hifadhi moja ya diski. Moja inafanya kazi, nyingine inasubiri. Zote zinaiona diski, ila ni moja tu inayoruhusiwa kuipachika, kwa sababu ext4 haijui kushirikiana. Kila seva inadhani diski ni yake pekee. Ni kama choo kimoja cha ploti chenye funguo mbili. Kinachozuia aibu ni kufuli, na enzi hizo kufuli zetu zilisimamiwa na clvmd.

Seva ya kwanza haikujibu ping wala ssh. Nikaingia ya pili, nikaandika vgs. Kimya. lvs. Kimya. Kishale kinapepesa tu, kinanitazama. Nikaamua LVM imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafanya kazi yake. Seva moja ikiacha kumsikia mwenzake, kufuli zote zinasimama mpaka ithibitishwe kwamba mwenzake amezimwa kabisa. Huko kuzima ndiko kunaitwa fensi. Jina lake lingine, STONITH, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumpiga mwenzio risasi ya kichwa. Sisi hatukuwa na bunduki. Mzee wetu wa mitambo (tulimwita hivyo, na hata hamsini hajafika) alikuwa ameomba mara mbili kifaa cha kukata stima ya seva kutoka mbali, akajibiwa kwamba bajeti imefungwa.

Nilikuwa najua njia ya kuruka kufuli: locking_type=0. LVM yenyewe ilinionya niwe mwangalifu. Nikabonyeza Enter. Volyumu ikaamka, nikaipachika, nikawasha databesi, mfumo ukarudi. Manze, nilijiona shujaa. Nikajitengenezea chai.

Kumbe seva ya kwanza haikuwa imekufa. Kilichokufa ni swichi yake ya mtandao. Uzi wa faiba wa kwenda kwenye diski ulikuwa mzima, na ile kazi ya usiku ya kukokotoa riba ilikuwa inaendelea polepole, bila habari kwamba kuna mtu mwingine ameingia. Kwa dakika arobaini hivi seva mbili ziliandika juu ya diski moja, kila moja ikifuta ya mwenzake. (ext4 ina kinga ya kukataa kupachikwa mara mbili. Lazima uiwashe mwenyewe. Hatukuiwasha.) Halafu databesi ikaanza kulia, faili zikapotea moja moja, na chai yangu ikapoa.

Mzee alifika saa kumi na moja. Hakupiga kelele. Aliingia chumba cha seva, akatoka, akaniuliza, "Kijana wangu, ulienda kuiangalia?"

Kutoka kiti changu hadi kwenye ule mlango ni hatua ishirini. Taa zake zilikuwa zinapepesa kijani.

fsck iliokoa kidogo. Yaliyobaki tulirudisha kutoka bakapu ya saa saba mchana, na yote yaliyofanyika kaunta baada ya hapo yakabidi yaingizwe upya kwa mkono. Ripoti ilisema "hitilafu ya hifadhi". Mzee ndiye aliyeiandika na kutia sahihi. Najua aliona amri yangu, kwa sababu aliniachia skrini wazi palepale ilipo. Kwenye kikao wakamuuliza miaka yote hiyo kazini alikuwa anafanya nini. Mimi nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake. Sikuinua mkono.

Kifaa cha fensi kilinunuliwa wiki iliyofuata.

Jumamosi nilitumwa sacco kusaidia makarani. Nilisoma namba za risiti, mama mmoja akawa anachapa. Saa nne alinisukumia kikombe na mandazi mawili. "Pole na kazi, mwanangu. Hizi mashine zinawasumbua sana."

Nikasema asante, nikachukua risiti inayofuata.