Piga hodi kabla ya kupiga hema

Shule zikifungwa, swali huwa ni lile lile katika nyumba nyingi za mjini: "Mama, likizo hii mnatupeleka wapi?"

Watoto wameona kwenye televisheni jinsi familia za Marekani zinavyosafiri kwa magari makubwa yenye vitanda, jiko na hata choo, zikielekea Disneyland, ule uwanja wa bembea na michezo uliofunguliwa California mwaka wa 1955. Nao wanataka vivyo hivyo. Wewe mzazi unaukumbuka mfuko wako, unakohoa kidogo, kisha unabadilisha mazungumzo.

Usikate tamaa, mpenzi msomaji. Magari ya kulala ndani ni haba hapa kwetu, na vituo vya kuyaegesha penye maji na umeme ni haba zaidi. Lakini ukiwa na gari la kawaida, hema moja imara na adabu njema, unaweza kuipa jamaa yako likizo ambayo haitasahaulika. Sisi tulikwenda Mikinduri, katika Tigania Mashariki, kaunti ya Meru. Tulifurahi, na pia tulikosea. Soma ili usirudie makosa yetu.

Njiani
Kutoka Nairobi, wengi hupitia Thika, Embu, Chuka na Nkubu hadi Meru mjini. Ni zaidi ya kilomita 200. Ondoka alfajiri ili ufike jua lingali juu. Baada ya Chuka barabara ina kona kali na miteremko inayoshuka hadi mitoni. Katika daraja la Nithi, basi lilitumbukia mtoni mwezi Julai 2022 na zaidi ya watu 30 wakafariki. Punguza mwendo hapo, hata kama walio nyuma wanakupigia honi.

Karibu na Nkubu utavuka ikweta. Simama hapo, watoto wanyooshe miguu na kujifunza jiografia bila kitabu.

Ukiondoka Meru na kuanza kuzunguka milima ya Nyambene, jihadhari na magari ya miraa. Miraa ikinyauka haina bei, kwa hivyo madereva wake hawana subira. Wapishe waende zao.

Mikinduri yenyewe
Mukinduri ni mti mrefu wenye kivuli kizuri, unaokua upesi na kutoa kuni na nguzo. Mji huu una jina lake. Utaona migomba, miraa na majani chai, na vilima vya kijani kila ugeukapo. Hakuna bembea za umeme, lakini kuna vijito vya kurushia mawe na miti ya kupanda. Binti yangu wa miaka tisa alijifunza kukama mbuzi, akasahau televisheni kwa siku nne nzima.

Huku ardhi yote ina mwenyewe. Usione uwanja wa nyasi ukadhani ni wa serikali, ukashusha mizigo. Nenda kwanza ukabishe hodi. Sisi tulipelekwa na rafiki niliyesoma naye chuoni, tukampata nyanya yake uani akichambua maharagwe. Tulisalimu, "Muga!" Tukampa sukari na majani tuliyobeba, tukaeleza haja yetu. Alicheka sana. "Nina nyumba, nanyi mwataka kulala nje kama mbuzi?" Hata hivyo akatuonyesha mahali karibu na jiko lake.

Mume wangu aliona pale pana moshi na kuku wengi. Akachagua bondeni, kwenye nyasi laini, mbali kidogo na watu. Nyanya alitikisa kichwa, asiseme neno.

Usiku wa kwanza
Ilikuwa Aprili, majira ya masika. Yapata saa tatu usiku mvua ilianza. Katika muda wa nusu saa maji yaliingia chini ya hema, magodoro yakalowa, na kitinda mimba wetu wa miaka mitano akaanza kutetemeka. Mume wangu alikimbia kwenye gari akaleta jiko la makaa. Tukaliwasha chini ya mwavuli, tukaliingiza ndani na kufunga zipu ili joto lisitoke.

Tulijiona werevu. Watoto walitulia wakaanza kusinzia, nami kichwa kikaanza kuuma.

Ghafla zipu ilivutwa kutoka nje. Alikuwa nyanya, gunia kichwani na tochi mkononi. Alipoliona lile jiko alipiga kelele kwa Kimeru, akalivuta nje kwa mkono wake, kisha akambeba yule mdogo mgongoni. Baadaye, tukiwa tumezunguka moto jikoni mwake tukinywa uji, rafiki yetu alitufasiria maneno yale: "Mnataka kuwaua watoto?"

Alisema kweli. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, asiamke tena. Mimi nimewahi kuandika habari za vifo vya namna hiyo, na bado nilikaa kando ya jiko lile nikijipasha mikono. Lau tungalikuwa mbali zaidi, nani angaliona mwanga wa moto ndani ya hema letu?

Asubuhi tulihamisha hema hadi pale pa moshi na kuku.

Hadi mbugani
Siku ya tatu tulifuata barabara ya Maua, tukateremka hadi lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru. Ndiko alikozikwa Elsa, simba aliyelelewa na Joy na George Adamson, akafa mwaka wa 1961. Pana hifadhi ya vifaru iliyozungushiwa ua, na kambi ya Bwatherongi kwa wenye mahema. Malipo hufanywa kwa mtandao wa eCitizen, si kwa pesa taslimu. Yamalize ukiwa bado mjini, na ubebe kitambulisho.

Mambo ya kukumbuka
Agosti ni bora kuliko Aprili. Mvua ni chache, ingawa Nyambene huwa na baridi. Beba sweta za mlimani na nguo nyepesi za mbugani, kwa maana kule chini ni joto kali.

Usivae buluu wala nyeusi mbugani, rangi hizo huvuta mbung'o. Dawa na chandarua cha mbu visikose.

Piga hema mahali palipoinuka, utandike turubai chini na kuchimba kijifereji kando, kwa idhini ya mwenyewe.

Chakula kiwekwe garini, si hemani. Nyani hawana haya.

Na jiko, liwe la makaa au la gesi, libaki nje. Mtoto akishikwa na baridi, mwongeze blanketi au umbishie jirani.

Tulipoaga tulisema, "Nibwega," yaani asante. Nyanya alitufungia ndizi na viazi vikuu, akamwambia mume wangu kwamba tukirudi tulale ndani. Watoto wameshaanza kuhesabu siku hadi Agosti, na safari hii hakuna aliyetaja Disneyland.