Milimita 9, na treni ya usiku kwenda Izumo

Treni ya usiku iitwayo Sunrise huondoka stesheni ya Tokyo saa 3:50 usiku ikiwa na mabehewa 14. Saa 12:27 asubuhi huwa imefika Okayama, na hapo hukatwa katikati. Mabehewa 7 huvuka bahari kwa daraja hadi Takamatsu katika kisiwa cha Shikoku, mengine 7 hupanda milimani kuelekea Izumo. Mimi nilikuwa wa Izumo, katika sehemu ya bei nafuu ambako abiria hulala juu ya zulia, dirisha likiwa kichwani na kibao kidogo kikikutenga na uso wa jirani. Mabehewa haya yalianza kazi mwaka 1998, na vyumba vyake vilibuniwa kwa msaada wa kampuni ya ujenzi wa nyumba, Misawa. Ukivitazama unaamini: mbao, taa za manjano, kila kona imepata kazi. Maji ya kuoga hununuliwa kwa kadi, na kadi moja ni dakika 6 za maji.

Tulipokaribia Okayama nilisikia watu wakivaa viatu. Treni iliposimama, wengi walishuka na kwenda mbio katikati ya jukwaa, pale behewa la saba linapokutana na la nane. Mfanyakazi mwenye glavu nyeupe alikuwa amesimama hapo. Alinyoosha kidole kwenye kiungio na kutamka kwa sauti kile anachokiona, kama wafanyavyo watu wa reli wa Japani kabla ya kila jambo la hatari, ili jicho, mkono na mdomo vishuhudie pamoja. Mzee mmoja alimnyanyua mjukuu wake juu ya mabega ya watu. Kiungio kikaachia, upenyo wa kama hatua moja ukatokea, watu wakapiga picha. Saa 12:31 nusu ya Takamatsu ikaondoka, na sisi wa Izumo tukarudi ndani haraka, maana zamu yetu ilikuwa dakika 3 baadaye.

Tendo hilo nilikuwa nimeshaliona Tokyo, katika duka la Akihabara ambalo hukodisha reli kwa saa. Unalipa, unapewa njia yako juu ya meza kubwa yenye milima, vijiji na stesheni, kisha unatoa treni yako mwenyewe mkobani. Treni hizo huuzwa ndani ya kasha lenye umbo la kitabu: ukilifungua, kila behewa limelala katika shimo lake la sponji, na nyumbani makasha hupangwa kwenye rafu kama maktaba. Bwana mmoja wa makamo, bado amevaa suti ya kazini, aliweka mabehewa 14 ya Sunrise juu ya reli, moja baada ya jingine, akihakikisha kwa ncha ya kucha kwamba kila gurudumu limekaa. Aliizungusha polepole, akaisimamisha kwenye stesheni ya meza, akaikata katikati, akatazama saa ya mkononi. Alisubiri dakika zilezile. Ndipo akaiondoa nusu ya kwanza.

Nimeandika katika daftari kwamba huyu bwana na yule mzee wa jukwaani wanafanya kazi moja. Kwetu mtu akisikia habari ya vitreni hufikiria mchezo wa watoto, na mtu akisikia habari ya kupanda treni bila shughuli yoyote anakokwenda, huuliza kama kuna msiba. Japani mambo hayo mawili hulishana. Mtu husafiri ili aone namna behewa lilivyochakaa chini ya milango, kisha hupaka rangi behewa lake dogo lichakae vivyo hivyo. Akishalipaka hugundua kwamba hakumbuki paa lina nini, basi hukata tiketi nyingine. Miyawaki Shunzo, aliyekuwa mhariri wa vitabu, alitumia likizo na mwisho wa wiki kupanda kila njia ya shirika la reli la taifa, karibu kilomita 20,000 zote, akamaliza mwaka 1977. Kitabu chake kuhusu safari hizo kilitoka mwaka uliofuata, na kikawafanya watu wengi wazima waone kwamba kupanda treni kwa ajili ya treni ni jambo la heshima.

Sasa nije kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo safari ilipoanza kunihusu mimi niliyekulia karibu na reli ya TAZARA.

Vitreni vilivyoenea zaidi Japani hutembea juu ya reli yenye upana wa milimita 9. Kampuni ya KATO ilitoa cha kwanza cha Kijapani cha kipimo hicho mwaka 1965, kichwa cha mvuke aina ya C50. Treni za mwendo kasi, Shinkansen, zilizoanza mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka, hutumia reli ya milimita 1435. Ukigawa kwa 160 unapata karibu 9 kamili, na ndiyo maana vitreni vya Shinkansen hutengenezwa kwa kipimo cha 1:160. Lakini reli ya kawaida ya Japani ni nyembamba, milimita 1067. Upana huo uliwekwa na njia ya kwanza ya Shimbashi hadi Yokohama, iliyofunguliwa mwaka 1872 chini ya ushauri wa wahandisi wa Kiingereza, mkuu wao akiwa Edmund Morel aliyefariki kabla haijazinduliwa. Treni za reli hiyo hutengenezwa kwa 1:150, ambapo reli ingepaswa kuwa milimita 7.1. Inabaki 9. Kwa hiyo Sunrise ya yule bwana, ukiitazama kutoka mbele, imepanuka miguu. Kwa ukubwa halisi ingekuwa imezidi karibu sentimita 28.

Wapenzi wenyewe wanalijua hilo, na linawauma. Wengi wamekubali, kwa kuwa reli ya milimita 9 ni nafuu na inapatikana kila duka. Wengine hawakubali kabisa. Wapo wanaojenga kwa kipimo cha 1:80 juu ya reli ya milimita 13 wanayoitandaza wenyewe, taruma baada ya taruma, ili tu treni isimame sawasawa. Mimi nawaelewa hao. Ukishaona reli nyembamba inavyoifanya treni iyumbe kidogo kwenye kona, huwezi kukubali kwamba upana ni jambo dogo.

Milimita 1067 ndizo za TAZARA pia. Ilijengwa kwa upana huo ili iungane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika, na hata reli za Katanga zinazofika Lubumbashi ni zilezile. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1000. Reli mpya ya umeme, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma, ni 1435 kama Shinkansen. Dar es Salaam ina reli za upana wa aina tatu ndani ya mji mmoja, na sijui mji wa Japani ambao ungeacha utajiri huo upite bila watu kuuchora, kuupima na kuutengenezea mfano. Pale Kidatu, TAZARA inapokutana na tawi la Reli ya Kati, mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa kwa sababu ya tofauti ya milimita 67. Wajapani nao walikwama hivyo kwenda Yamagata. Mwaka 1992 waling'oa upana wa zamani wakatandika wa 1435, Shinkansen ikapita moja kwa moja, na leo treni hiyo hukatwa na kuunganishwa Fukushima mbele ya watu wenye kamera.

Kwenye chakula ndipo tunapofanana kuliko nilivyotarajia. Stesheni ya Yokokawa ipo chini ya mlima Usui, ambako njia ilipanda karibu mita 67 kwa kila mita 1000. Kila treni ilisimama hapo ifungwe vichwa vya ziada vya kuisukuma juu, miaka ya baadaye viwili vya aina ya EF63. Kusimama huko ndiko kulikozaa biashara: kampuni ya Oginoya ilianza mwaka 1958 kuuza wali wa moto ndani ya chungu kidogo cha udongo, juu yake kuku, uyoga, yai la kware na tunda moja chachu la aprikoti. Njia ya mlimani ilifungwa mwaka 1997. Chungu bado kinauzwa, kina joto, na ukimaliza ni chako. Nilikila nikikumbuka kuku wa Saranda kwenye Reli ya Kati, sahani zinazoinuliwa hadi madirishani, mikono inayokimbizana na treni ili chenji ifike. Saranda haipungukiwi kitu mbele ya Yokokawa. Kilichonigusa Yokokawa ni kwamba bohari ya vichwa imefanywa bustani ya reli, na mtu wa kawaida akihudhuria mafunzo na kufaulu, huruhusiwa kuendesha EF63 halisi. Niliwaona madereva hao wa siku ya mapumziko. Mikono yao ilishika mpini kwa utulivu wa watu waliokwisha kuufanyia mazoezi juu ya meza.

Yokohama nilikwenda kwa ajili ya makumbusho ya Hara Nobutaro, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki 2014, miaka miwili baada ya kuyafungua. Vitreni vyake ni vikubwa, reli ya milimita 45, na vingi huchukua umeme kutoka kwenye waya wa juu kama treni yenyewe. Magurudumu ni ya chuma, kwa hiyo sauti kwenye maungio ya reli ni sauti ya kweli. Zaidi ya yote, alitengeneza gia ambazo umeme ukikatwa, treni haigandi: inaendelea kuteleza kwa uzito wake hadi ichoke. Nilisimama muda mrefu nikisubiri kila mara umeme ukatwe. Kitu hicho hakionekani kwenye picha wala kwenye mchoro. Anayekijua ni mtu aliyekaa kwenye behewa akasikia mota zikinyamaza kilomita kadhaa kabla ya stesheni.

Nimerudi na vipande vya reli ya milimita 9 na hesabu iliyokubali. Milimita 1067 gawa kwa 120 ni 8.9. Kwa kipimo cha 1:120, reli ya kawaida ya dukani Tokyo inaitosha TAZARA bila kupanuka miguu. Nimeanza kuchora stesheni ya Mlimba, mahali ambapo njia inajiandaa kupanda kwenda Makambako kupitia madaraja na mahandaki. Umbo la paa ninalo, njia za kupishana ninazo. Sina vipimo vya mabehewa ya awali wala rangi zake kabla hazijapigwa jua. Kuna mafundi waliofanya kazi karakana za Dar es Salaam na Mpika tangu miaka ya sabini, wengine wamestaafu na wanaishi mitaa ya jirani na mimi. Nimeanza kupita kwao na daftari na futi kamba.