Mto Unaopanda Jumapili

Kwenye kampuni ya kilimo, mtu wa maji hukumbukwa siku pampu inapovuta hewa. Siku nyingine zote anaonekana ni msoma mita na mwagiza koki tu. Mimi ndiye huyo mtu. Tuna shamba la parachichi na kipande cha chai kwenye miinuko ya Njombe, na ghala la kuoshea na kufungashia matunda Makambako, pale reli ya TAZARA na barabara kuu ya Tunduma zinapokutana na njia ya Songea. Jina la kampuni naliacha. Ninayoyasema wangeweza kuyasema wenzangu wa kampuni nyingine mbili tatu za ukanda huu.

Mgeni akifika Njombe mwezi wa Februari, ukimwambia una wasiwasi wa maji atakucheka. Mvua haikatiki, kila bonde lina kijito chake, na matope yanapanda nawe mpaka kwenye ngazi za benki. Mwambie arudi Oktoba. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, wa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei; baada ya hapo mito inaishi kwa akiba iliyozama ardhini. Makambako, kilomita kama 60 tu kutoka Njombe mjini, ni kama nchi nyingine kabisa, yenye upepo, vumbi na mvua haba. Mto Ruhuji unaopita Njombe mjini unashuka kwenda Kilombero. Maji ya upande wa Wanging'ombe yanaelekea Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Yanaachana hapa kwetu, halafu yanakuja kukutana tena Rufiji, kabla ya Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Kwa hiyo anayechota huku juu, awe kampuni au kijiji, amesimama mwanzo wa foleni ndefu sana.

Kwa miaka mingi, kwenye vitabu vya mhasibu maji yalikuwa mstari mmoja tu: ada ya kibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji ya mto kwa biashara aombe kibali kwenye bodi ya bonde, kwa upande wetu Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iliyoko Iringa, na alipe ada ya kila mwaka kulingana na kiasi anachotumia. Igawe ada hiyo kwa lita uone: lita moja inakuwa kama ya bure. Na kitu cha bure hakina mtetezi kwenye kikao cha bajeti.

Nilianza kwa kujumlisha gharama zilizokuwa zimetawanyika. Umeme wa pampu ulikuwa kwenye fungu la nishati, vichujio kwenye vipuri, dawa ya kutibu maji ya kuoshea matunda kwenye ubora, na vijana wanaozibua mabomba ya matone kwenye vibarua. Ukivikusanya, lita inapata bei ya maana kidogo. Hata hivyo wakubwa walitikisa vichwa tu na kuendelea na ajenda. Kikao kilinyamaza siku nilipoacha habari ya gharama ya maji nikaleta gharama ya siku moja bila maji. Ghala halioshi, matunda yaliyokwisha kuchumwa yanaanza kulainika, kontena la ubaridi linasubiri na dereva wake analipwa, na nafasi kwenye meli inapotea. Huko shambani mti mchanga uliokosa maji Oktoba unadondosha maua, na hasara yake utaiona mwakani. Mkurugenzi wa fedha aliuliza swali moja tu: siku hizo zinaweza kuwa ngapi?

Sikuwa na jibu, wala hakuna mtu pale ofisini aliyekuwa nalo. Tulikuwa na mita kila mahali ndani ya uzio. Tulijua ghala limetumia ngapi, bweni la vibarua ngapi, kitalu cha miche ngapi. Kijito kilichokuwa kinalisha mita zote hizo hakikuwa na hata rula. Naliona kosa hili karibu kila kampuni ninayotembelea: tunapima tunachotumia, tunachokitegemea hatukipimi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Tuseme miti iliyokomaa inataka milimita 3 kwa siku wakati wa kiangazi, na una hekta 100. Hizo ni lita milioni 3 kwa siku, yaani kama lita 35 kila sekunde, mchana na usiku. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilimpangia mwananchi wa kijijini angalau lita 25 kwa siku, kwenye kituo kisichozidi mita 400 kutoka anakoishi. Gawanya: shamba hilo moja linakunywa sawa na watu 120,000. Umwagiliaji wa matone unapunguza, kwa sababu unalowesha shina badala ya shamba zima, lakini hata ukipunguza nusu bado ni mji. Na sheria ile ile ya 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele, mazingira yanafuata, halafu ndiyo sisi wa biashara. Kijito kikipungua, kibali chenye muhuri hakitakupa maji ambayo hayapo.

Wanunuzi wa Ulaya nao wana maswali yao. Tunajaza madodoso ya GLOBALG.A.P., tunaulizwa kama tunafuata kiwango cha Alliance for Water Stewardship, na makao makuu wanafungua ramani za hatari ya maji kama ile ya Aqueduct. Sizidharau. Lakini ramani inayopaka rangi moja kidakio kizima haiwezi kukuambia tofauti ya Njombe na Makambako, na ukiifuata hiyo peke yake utafunga koki mahali pasipo na shida. Makadirio ya mvua ya setilaiti ya CHIRPS yana historia tangu 1981, nayo nayatumia sana kuona kama msimu umeanza kuchelewa. Ila kila mraba wake una upana wa kilomita kama 5. Kwenye vilima vyetu, ndani ya kilomita 5 mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa mlima na upande wa pili watu wakaanika mahindi.

Kwa hiyo tuliweka kizingiti kijitoni, mita chache juu ya mahali tunapovutia maji. Ni bati nene la chuma lenye mkato wa herufi V wa nyuzi 90, na nyuma yake rula iliyosimamishwa kwenye nguzo. Uzuri wa V ni ukali wake. Maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha, zinapita lita 4 na kitu kwa sekunde. Yakisimama sentimita 20, zinapita karibu lita 25. Kina kimeongezeka mara mbili, maji yameongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana simwamini mtu anayekagua kijito kwa macho akasema "maji bado yapo tu". Tofauti ya vidole vitatu kwenye rula inaweza kuwa tofauti ya kumwagilia na kutomwagilia.

Kulikuwa na bajeti ya kinasa data cha kidijitali, na tulikifunga. Lakini msomaji wa kweli ni mama mmoja anayelima vinyungu karibu na pale. Vinyungu ni zile bustani za mabondeni ambazo Wabena na Wahehe wamezilima tangu zamani ili kiangazi kisiwakute mikono mitupu. Mama huyo anasoma rula saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, anaandika kwenye kaunta buku. Nilimchorea safu tatu: tarehe, asubuhi, jioni. Ya nne aliichora mwenyewe, akaipa jina "Habari". Humo anaandika: wamefyeka juu. Ng'ombe wamepita. Pampu mpya ya petroli kwa fulani. Kinasa data kinaniambia maji yameshuka saa ngapi. Safu ya "Habari" ndiyo inayoniambia kwa nini.

Kiangazi cha kwanza nilikaa na lile daftari mezani, na jambo likaanza kujitokeza. Kila siku ya kazi namba ya jioni ilikuwa chini ya ile ya asubuhi. Hilo lilikuwa na maelezo mawili. Huenda ni pampu za watu wa juu, maana siku hizi Njombe kila mwenye robo eka amepanda parachichi. Au ni milingoti: mti unavuta maji mchana jua likiwaka, usiku unapumzika, na bonde lililojaa milingoti hadi ukingoni linaweza kukishusha kijito mchana hata kama hakuna pampu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo ziachwe wazi, lakini milingoti mingi ilikwisha kupandwa humo, na wenye mashamba ya miti si wanakijiji peke yao.

Jibu lilitoka Jumapili. Huku kwetu Jumapili watu wako kanisani na pampu ziko kimya; mlingoti hauendi ibadani. Nilichambua Jumapili zote peke yake. Jioni yake kijito kilikuwa juu kuliko jioni ya Jumamosi, lakini hakikurudi kufikia kimo cha asubuhi. Sehemu iliyopanda ni ya pampu. Sehemu iliyobaki chini ni ya miti, pamoja na jua. Sikuhitaji kompyuta kubwa wala mshauri kutoka nje, isipokuwa msomaji asiyeruka siku.

Bosi alipouona mchoro wa namba hizo alisema, "Basi tumewapata." Alitaka niupeleke kijijini tuwaonyeshe wanavyotuibia maji. Mimi nilikataa kuutumia hivyo, na si kwa huruma. Nilisoma Chuo cha Maji, na kila aliyesomea maji nchini anaijua habari ya Ruaha Mkuu. Tangu 1993 mto ule umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mgao wa umeme wa miaka ya 1990 ulipokuja, kidole kilielekezwa kwa wakulima na wafugaji wa Usangu. Baadaye watafiti walipozipitia takwimu za mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, walionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyokuwa yakiendeshwa nayo ilichangia. Mwenye takwimu nusu ni hatari kuliko asiye nazo kabisa, kwa sababu anajiamini.

Tulikwenda kijijini na mchoro, bila lawama. Mwenyekiti aliuangalia muda mrefu, akampa mama msomaji naye auangalie, na mama akawaeleza wenzake kwa Kibena kilichonipita. Kisha mzee mmoja akasimama.

"Kamwene, injinia."

"Kamwene, baba."

"Hii fimbo yenu iko juu ya pampu yenu. Mnapima maji yanayokuja kwenu. Yanayotoka kwenu mnayapima wapi?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la kitaalamu kuliko dodoso lolote nililowahi kujaza. Sisi tunavuta maji usiku, kwa sababu usiku hayapotei kwa jua. Alfajiri, kijiji cha chini kinaamka kuteka na kinakuta kijito kimenyong'onyea. Wale wa chini hawakuwa na daftari, kwa hiyo malalamiko yao yalikuwa yakiandikwa ofisini kwetu kama "malalamiko ya jamii" badala ya data ya maji.

Kuipata rula ya pili, chini ya pampu yetu, kulichukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Hoja ya wakubwa ilikuwa wazi: kwa nini tulipe pesa kutengeneza ushahidi dhidi yetu? Nilirudi kwenye swali la mkurugenzi wa fedha, siku bila maji zinaweza kuwa ngapi. Kijiji kikija kufunga mfereji kwa hasira, au bodi ya bonde ikipokea barua ya malalamiko na kupitia upya kibali, hizo nazo ni siku bila maji, tena haziko kwenye utabiri wa mvua. Hoja hiyo ilipita. Leo pana madaftari mawili na wasomaji wawili, na nakala za madaftari yote mawili zinakwenda kwenye jumuiya ya watumia maji na kwa ofisa wa bonde. Tumekubaliana zamu: rula ya chini ikishuka hadi alama nyekundu, pampu yetu inasimama kabla ya alfajiri, na wenye pampu za petroli juu wanapeana siku. Zamu haifuatwi kila siku, nikisema inafuatwa nitakuwa nadanganya. Lakini sasa ugomvi unaanzia kwenye daftari.

Milingoti bado ipo. Mwenye miti haamki asubuhi kuwasha kitu, kwa hiyo hakuna wa kumwambia azime, na kung'oa mti wa mtu aliyeupanda kwa ajili ya ada ya mtoto si jambo la kikao kimoja. Hapo takwimu zangu zimefika mwisho wake.

Kitu kingine kinachonikera ni kidogo zaidi. Posho ya wale wasomaji wawili hailipwi kutoka fungu la uzalishaji, inapolipwa dizeli na mbolea. Inatoka fungu la misaada kwa jamii, pamoja na madawati na jezi za mpira. Mwaka wa faida wanalipwa mapema. Mwaka mbaya fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa, na mwaka mbaya kwetu kwa kawaida ndio mwaka wa ukame, yaani mwaka ambao daftari lile linatakiwa kuliko wakati wowote. Nimeandika tena kuomba posho hiyo ihamishwe. Mhasibu amenijibu kwamba msomaji wa rula hana namba ya ajira, kwa hiyo mfumo haumtambui kuwa gharama ya uzalishaji. Nimemwomba anionyeshe namba ya ajira ya dizeli.