Mtu wa Mlima Alivyotembezwa Mombasa

Kwetu Tarakea ukisema unakwenda kutembea, utaulizwa unakwenda kwa nani. Safari ina mwenyeji: shangazi, msiba, harusi, mdaiwa. Mtu kutoa nauli akautazame mji ambao hana ndugu wala biashara ndani yake, hilo tumewaachia wageni. Nami nimekula kwa fedha za wageni hao tangu ujana. Nilianza kama mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitana, nikibeba mizigo kutoka lango la Nalemuru upande wa Rongai. Baadaye nikawa msaidizi, kisha kiongozi mwenye leseni. Nimewapandisha Wajerumani, Wakorea, Wabrazili, na sijui nimesema "pole pole" mara ngapi. Lakini kwa nini mtu ajinyime kwao ili aje kulala kwenye baridi ya Kibo, hilo sikulielewa, na sikuona haja ya kulielewa. Walilipa, wakapanda, wakashuka, wakaondoka.

Aliyenibadilisha ni nahodha mmoja wa Mombasa, kwa mchana mmoja tu.

Dada yangu anauza maharage soko la Kongowea. Kila mwaka kabla ya Krismasi kikundi chao cha akina mama wa sokoni huvunja akiba, hugawana, na kinachobaki hufanyia sherehe. Mwaka huo waliamua hakuna cha pilau wala ukumbi. Watakodi mashua wauzunguke Mji wa Kale. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeupooza mlima, sina kazi. Dada akanipigia simu: "Kaka, kila siku unapandisha watu. Njoo safari hii upandishwe wewe." Nikashuka Himo, nikavuka Holili, nikapita Taveta, Mwatate na Voi hadi Mombasa.

Mombasa nilikuwa nimefika huko nyuma, lakini Mombasa yangu ilikuwa Kongowea: magunia, matope, malori yanayorudi nyuma bila kutazama. Bahari niliionea darajani, dirisha la matatu likiwa wazi. Nikirudi nyumbani nikiulizwa Mombasa kukoje, nilijibu "joto," na mazungumzo yakaishia hapo.

Tulipandia Bandari ya Kale, watu wachache, hatukufika kumi. Mashua ilikuwa ya mbao, imefungwa mashine nyuma, ila nahodha alipenda tanga. Alikuwa mzee wa kikoi na kofia, hana haraka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tarakea, Rombo, chini ya Kilimanjaro. "Aaa," akasema, "mtu wa baridi. Basi kaa hapa kati, chombo hakikurushi." Nilikaa. Sioni aibu kusema kwamba mikono yangu ilishika ubao kwa nguvu zote. Nimepita mahali mlimani ambapo jiwe likikuteleza huokotwi mzima, lakini pale angalau jiwe liko chini ya kiatu. Hapa chini ya kiatu kulikuwa na ubao, na chini ya ubao maji yasiyoonyesha mwisho wake.

Palikuwa na kijana, mjukuu wa nahodha nadhani, kazi yake kuchota ngama. Alikuwa na dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Anainua ubao mmoja wa sakafu, anachota maji yaliyojipenyeza, anayamwaga baharini, anarudisha ubao, anakaa. Baada ya muda anainuka tena. Mimi nilidhani tunazama. Nikamtazama nahodha, nahodha alikuwa akimtania mama mmoja muuza nyanya. Nikawatazama akina mama, wanakula mabuyu. Ndipo nikakumbuka nyuso za wageni wangu usiku wa kilele, namna wanavyonikazia macho badala ya kuitazama njia. Wanasoma usoni mwangu kama bado wako hai. Miaka yote ile sikujua kwamba ninasomwa.

Kijana na mwenzake wakavuta kamba, foromali ikapanda mlingotini, tanga likafunguka na kujaa. Kusi ilikuwa imekwisha na kaskazi haijashika, kwa hiyo upepo ulikuwa mwanana. Mashine ikazimwa. Mji ukaanza kupita upande wetu wa kulia: kuta za chokaa, roshani za mbao, mnara wa Msikiti wa Mandhry, ambao umekuwapo tangu karne ya 16.

Sasa sikilizeni, wenzangu mnaoongoza watu. Mimi nikifika mahali penye cha kuonyesha, nilikuwa nikisema palepale: jina, kimo, mwaka, twende. Nahodha hakufanya hivyo. Tulipoikaribia Fort Jesus akalilegeza tanga, chombo kikatulia, akauliza: "Mwaona nini?" Akanyamaza. Mmoja akasema ukuta. Mwingine akasema gereza, babu yake alifungwa humo. Kweli Waingereza waliigeuza ngome ile jela kuanzia 1895 hadi 1958. Dada yangu akasema anaona tundu chini, karibu na maji. "Naam," akasema nahodha, kana kwamba alikuwa akilingoja tundu hilo. Ni njia iliyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, inapanda kwa ngazi hadi ndani. Ukiingilia mlango wa barabarani kama watu wote, akasema, utadhani ngome ilijengwa kuutazama mji. Hapa majini ndipo unapoona kwamba ilijengwa ikiitazama bahari, kwa sababu chakula na baruti vilitoka baharini, na adui vilevile.

Wareno waliijenga kuanzia 1593, kwa ramani ya Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati. Waomani walikuja kuizingira Machi 1696, na ikachukua hadi Desemba 1698 kuiteka. Katikati ya mzingiro Ureno ilituma meli kutoka Goa kuja kuokoa walio ndani, Santo António de Tanná, nayo ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. "Iko hapa chini," nahodha akasema, akaashiria maji kwa kidevu. "Wapiga mbizi walikuja miaka ya 70 wakatoa vyombo, sasa viko ndani ya makumbusho. Meli wakaiacha palepale." Akina mama wote wakainama kutazama, nami nikainama nao, na kwa mara ya kwanza tangu tung'oe nanga nikauachia ubao.

Hakusema "Wareno walifanya hiki, Waarabu walifanya kile." Alisema "tulizingirwa," "tukala panya." Hao walionaswa ndani walikuwa askari wachache wa Kireno na Waswahili waliokuwa upande wao, waliozingira nao walikuwa na Waswahili wao. Nahodha aliwabeba wote kama watu wa mji wake. Ngome imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, lakini yeye hilo hakulitaja kabisa.

Tulipofika mlangoni kwenye bahari kuu mawimbi yakaanza kunyanyua chombo, na tumbo langu nalo likanyanyuka. Mama muuza nyanya akanikatia ndimu nikanusa. Nahodha hakunicheka. Akageuza chombo bila kumwambia mtu ni kwa sababu ya nani, tukaingia tena ndani ya mkondo wa Tudor kuelekea daraja la Nyali, maji yakalala.

Huko ndiko nilikopata kisa changu mwenyewe. Upande wa bara, Mkomani, nahodha alituonyesha lilipo kaburi la mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Rosina alifia Mombasa Julai 1844, na mtoto wake mchanga akamfuata. Kisha akanigeukia. "Mwenzake Krapf ndiye aliyekuja kwenu." Nikasema ninamjua, Rebmann, aliona theluji 11 Mei 1848, jibu hilo nililikariri kwa ajili ya mtihani wa leseni. Akaniuliza, "Na nani alimpeleka?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia: Bwana Kheri, mwongoza misafara wa pwani, aliyeijua njia ya Uchaggani. Walitoka Rabai, si mbali na hapo, wakapita nyika. Rebmann alipouona weupe juu ya mlima na kuuliza ni nini, mwongozaji wake alimjibu kwamba ni baridi. Mzungu akaandika "theluji" na jina lake likabaki. Huko London mwanajiografia Cooley akabisha miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Baridi ya Bwana Kheri haikubishiwa na mtu, maana hakuna aliyemwuliza.

Nikakumbuka nami la kwangu, nikaona vema nilitoe: Hans Meyer, aliyefika kileleni na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, msafara wake pia ulitokea Mombasa ukapitia Taveta. Njia ileile niliyojia, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kijana wa Pangani aitwaye Mwini Amani ndiye aliyebaki nao kambi ya juu, akiwalinda na kuwapikia. Nahodha akafurahi sana. "Basi wagumu wa kwanza ni wa kwetu," akasema, na akina mama wakapiga vigelegele kwa ajili ya mtu aliyekufa zamani ambaye hawakuwahi kumsikia.

Niliporudi Tarakea sikukaa. Wageni wa Rongai tunawashusha kwa njia ya Marangu, na baada ya kilele wanalala Horombo. Jina hilo nililitamka kila safari, na wageni walidhani ni jina la ua au la jiwe. Horombo alikuwa mangi wa Keni, hapa hapa Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Alizitiisha nchi nyingi za mashariki ya Uchagga, akajenga ngome za mawe. Ngome! Nimezaliwa mwendo mfupi kutoka Keni, na ngome ya kwanza niliyoambiwa niitazame ilikuwa ya Mreno. Nikaenda Keni nikaketi na wazee, wakanitembeza, wakanionyesha ulipopita ukuta kwa jinsi walivyoambiwa na babu zao. Wawili walipingana pale pale mbele yangu juu ya ulipokuwa mlango. Niliyaandika yote mawili.

Siku hizi nikiwa na kikundi nakipitisha Keni siku moja kabla ya Nalemuru, kama muda upo. Sisemi kwanza, nauliza mnaona nini. Wengi huona migomba. Tunasimama hapo hapo kwenye migomba hadi mmoja aone mawe. Na jioni ile Horombo, watu wamechoka na midomo imepasuka, nikimtaja mangi huyo wananyanyua vichwa. Anayetapika njiani namgeuzia mwendo bila kutangaza jina lake. Wagumu wangu nao nawatambulisha kwa wageni siku ya kwanza, jina na kijiji, kabla mizigo haijapimwa. Bahashishi zimeongezeka kidogo, lakini hilo si ushuhuda wangu leo.

Nimekwisha kuwapeleka Mombasa vijana wangu wa kazi, na wazazi wangu wakiwa na nguvu nitawapeleka. Wenzangu wa Moshi na Rombo nawaomba nanyi mwende msimu ukipoa, msiende kwa mtu. Mpakani chukua pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Ukifika Bandari ya Kale patana bei kabla hujapanda, uliza maboya yako wapi uyaone kwa macho, kisha ukae upande wa kulia mnapotoka, maana ngome iko upande huo.