Panya, mjomba na neno "mine"

Jamani, leo nina la kuungama.

Septemba 2020 nilikuwa ndio kwanza nimeanza kazi kwenye redio moja ndogo huku kwetu Kanda ya Ziwa. Zamu yangu ilikuwa ya alfajiri: unafika na usingizi wako, unatafsiri habari za nje, zisomwe saa moja asubuhi. Siku hiyo ikaja habari ya Kiingereza kuhusu panya. Nikaitafsiri haraka haraka, nikamkabidhi msomaji, naye akaisoma kwa ile sauti yake nzito: panya aliyezaliwa Morogoro amegundua migodi 39 nchini Kambodia na ametunukiwa medali ya dhahabu.

Studio nzima hakuna aliyeshtuka. Kwa watu wa Shinyanga na Geita, mgodi na dhahabu vinakwenda pamoja kama ugali na mlenda. Aliyeshtuka ni mjomba wangu, mchimbaji mdogo huko Geita. Taarifa ya habari haijaisha, simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi we mjomba, huyo panya anauzwa?"

Nikadhani anatania. Hatanii. "Mimi nina miaka kumi na minane machimboni sijagundua hata mmoja. Yeye 39! Na dhahabu kapewa!"

Hapo ndipo nikairudia ile habari kwa macho mawili. Kilichoandikwa pale kilikuwa "landmines", yaani mabomu ya kutegwa ardhini. Panya mwenyewe aliitwa Magawa, ni wale panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wananusa baruti, na ni wepesi kiasi kwamba wakipita juu ya bomu halilipuki. Magawa alikuwa amenusa mabomu 39 na silaha nyingine 28 ambazo hazijalipuka. Mimi nikamgeuza kuwa mtafiti wa madini. Saa mbili tukasahihisha habari, na mimi nikasahihishwa na bosi, tena kwa muda mrefu kuliko habari yenyewe.

Lakini lile neno halikuniacha. Ebu liangalie. "Mine" ni mgodi. "Mine" ni bomu. "Mine" ni kuchimba, na siku hizi vijana wanaotafuta bitcoin kwenye kompyuta nao wanasema wana-"mine", bila hata sururu. Halafu "mine" ni changu, langu, yangu. Neno moja tu!

Nilichimba kidogo (samahani). Kumbe mgodi na bomu ni ndugu wa damu. Zamani za vita vya ngome, askari walichimba handaki chini ya ukuta wa adui ili uporomoke, baadaye wakawa wanajaza baruti humo na kuiwasha. Jina la shimo likahamia kwenye kinacholipuka. Ila "mine" ya changu haina undugu nao. Ni neno la Kiingereza cha kale, wakati lile la mgodi liliingia kupitia Kifaransa. Yamekutana njiani tu yakafanana sura.

Nikakumbuka sekondari, Shinyanga mjini. Mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni "The mine is mine", akatuambia tutafsiri. Mwenzetu mmoja ambaye baba yake alikuwa kibarua machimboni akasimama: "Mgodi ni wangu." Darasa zima likaangua kicheko. Hata mwalimu alicheka. Nami nilicheka. Tulicheka nini hasa? Tafsiri ilikuwa sahihi kabisa.

Ninavyoona sasa, tulicheka kwa sababu yeyote aliyekulia huku anajua kwamba hiyo sentensi haisemwi ovyo. Yupo aliyewahi kuisema. Pale Mwadui, John Williamson alivumbua almasi mwaka 1940, na mgodi ukawa wake hadi alipofariki mwaka 1958. Kwa Kiingereza bado unaitwa kwa jina lake. Kwa Kiswahili sisi tunasema Mwadui tu, jina la mahali. Miaka ikapita, yakaja makampuni makubwa ya dhahabu, Geita, Bulyanhulu, Buzwagi. Mwaka 2017 sheria ikatamka wazi kwamba madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, Rais akiyashika kwa dhamana ya wananchi. Mwaka 2020 ikaja Twiga, Serikali ikapata asilimia 16 kwenye migodi ya Barrick. Kwa hiyo ile sentensi ya mwenzetu, kisheria, ina ukweli ndani yake. Ni wake, pamoja na wengine wote.

Sasa mrudie mjomba. Dhahabu iliyo chini ni ya Jamhuri. Leseni ni ya mtu. Shamba ni la mtu mwingine. Duara analoshukia lina mwenyewe, aliyegharamia magogo na chakula. Mawe yakitoka yanagawanywa, kila mwenye haki anachukua mifuko yake, na mjomba anapata iliyobaki, akagawane na wenzake. Kilicho chake bila ubishi ni mgongo wake.

Na wakati mwingine hilo duara linakuwa "mine" ya pili, ile ya kuua. Oktoba 2015, Nyangalata, Kahama, wachimbaji sita walifukiwa. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Siku 41 gizani! Kila nikiikumbuka habari ile naelewa kwa nini mama hulala na simu masikoni mwake.

Jioni ile nilimpigia mjomba nikamweleza neno lenyewe na maana zake zote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo Mzungu akionyesha mgodi anasema wangu, na akikanyaga bomu pia anasema wangu?"

Nikasema ni kama hivyo.

"Basi lugha yao ina haraka," akasema. Sikumjibu. Lakini alikuwa na hoja. Kiswahili hakikuruhusu kusema "-angu" hewani. Lazima kwanza ujue ni kitu gani: mgodi wangu, duara langu, dhahabu yangu. Utaje mali ndipo udai.

Mwezi uliopita alinitumia picha. Viroba saba vya mawe vimepangwa kando ya karasha, vinasubiri kusagwa. Chini ameandika neno moja tu: "Vyangu."

Nilijua mara moja anaongelea viroba. Si duara, wala mgodi.