Asali ya Mgori ilivyonitoa kununa
Tulipohamia Singida kwa ajili ya kazi ya mume wangu, nilinuna wiki tatu nzima. Nilishazoea supamaketi za Dar, na chupa zenye lebo ya "asilia". Jumamosi moja akanipeleka Mgori, kwenye msitu wa miombo ambao vijiji vilikabidhiwa kuusimamia miaka ya 1990. Jamani! Mama mmoja akanionjesha asali nzito, yenye harufu ya moshi.

"Msitu ukiisha, mwanangu, na hii imeisha," akasema.

Tukabeba na mafuta ya alizeti, unga wa uwele na kuku wa kienyeji. Njiani nikamwomba mume wangu radhi. Mpenzi msomaji, kabla hujalalamikia mji mpya, nenda na mwenzako mkaone kwanza wenyeji wanakula nini.