KIBARUA KILIPOOTA NYASI, MSONDO ULINISINDIKIZA

Wapo wanaosema muziki wa daladala ni kelele tupu. Sibishani nao. Mtu mwenye kazi ya uhakika ana haki ya kulalamikia kelele. Mimi kazi ya muziki ule niliijua mwaka 2019.

Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Pugu Road. Miaka 17 nilipanda gari moja tu kutoka Gongo la Mboto, nashuka, navuka barabara, niko getini. Siku moja tukaitwa uani, tukasomewa majina. Kibarua kikaota nyasi. Mafao? We acha tu! Tulipigwa danadana mpaka viatu vikaisha soli.

Mungu si Athumani. Baada ya miezi mitano nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Ubungo. Hapo sasa ni gari mbili: la kwanza mpaka Tazara, pale kwenye daraja la Mfugale lililofunguliwa 2018, la pili kupitia Buguruni. Mshahara umepungua, nauli imeongezeka. Na bosi ni kijana, rika la mwanangu wa kwanza. Asubuhi ananiamkia, "Shikamoo mzee." Nikimaliza tu kuitikia marahaba, ananituma nikahesabu misumari.

Sasa njoo kwenye muziki. Suka wa gari la kwanza alikuwa mtu mzima mwenzangu, mpenzi wa Msondo na Sikinde. Kuanzia Gongo la Mboto ni magitaa na tarumbeta. Mle ndani nilikuwa bado yule yule wa zamani. Tunapopita lile geti nageuzia uso upande wa pili, nausikiliza wimbo.

Ndipo nikaanza kuwaza. Bendi ile ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadili jina, bendi nayo ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mzee Muhidin Gurumo, aliyefariki Aprili 2014, aliimba NUTA, mwaka 1978 akahamia Mlimani Park, 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kulekule Msondo. Bendi alikuwa anaziacha, lakini sauti anaondoka nayo.

Na mimi je, niliondoka na nini? Siku hiyo nilipofika dukani nikakuta mifuko ya saruji imepangwa sakafuni, imeegemea ukuta. Nikamwambia bosi, "Baba, hii itavuta unyevu, itaganda. Tuweke chaga za mbao chini, na tuiache mbali na ukuta." Akanitazama. Akaagiza mbao. Tangu hapo, mzigo ukiingia, ananiuliza kwanza mimi.

Gari la pili lilikuwa la vijana. Singeli! Spika chini ya siti, mpaka meno yanagongana, na konda anapiga debe huku anacheza. Wiki ya kwanza nilitamani kushuka nitembee kwa miguu. Baadaye nikaona faida yake. Msondo ulinipa nafasi ya kukumbuka nilikotoka, lakini singeli haina nafasi ya kukumbuka chochote. Nikifika Ubungo macho yamenitoka, niko tayari kwa misumari.

Kwa hiyo wewe mwenye ajira yako nzuri, ukipanda gari asubuhi usikimbilie kumwambia konda azime redio. Mtazame kwanza jirani yako. Akiwa amekumbatia bahasha ya vyeti mapajani na mguu wake unafuatisha ngoma taratibu, mwache. Huyo anajitia moyo, na nauli amelipa kama wewe.